Kusindika nyanya kwenye chupa ukiwa Arusha au Moshi: mwongozo kamili

Kila mwaka nyanya zikishuka bei pale soko la Kilombero, Arusha, simu yangu huanza kupokea picha. Chupa yenye mfuniko uliovimba. Chupa yenye maji chini na nyama ya nyanya ikielea juu. Sufuria imejaa vipande vya kioo. Ujumbe unaofuata haubadiliki: "Dada, nimefuata kila kitu, mbona zimeharibika?"

Nikiuliza maswali mawili matatu, jibu linajitokeza. Wengi walimimina nyanya ya moto kwenye chupa, wakafunga, wakaigeuza kichwa chini. Mfuniko ukanyonya, wakafurahi, wakapanga kabatini. Hawakuchemsha chupa baada ya kuijaza, wala hawakutia asidi. Na wale wachache waliochemsha walihesabu dakika za mtu anayeishi pwani.

Mfuniko kunyonya maana yake ni moja tu: hewa ya ndani imepungua. Haukuambii kama kilichomo kimepata moto wa kutosha. Tena hapo penye hewa kidogo ndipo vijidudu vibaya kuliko vyote vinapopenda kuishi. Kwa hiyo katika mwongozo huu, mfuniko ni jambo la mwisho kuangalia.

Tutasindika nyanya tupu, zilizopondwa. Ukiweza nyanya, mengine yatakuwa mepesi.

## Andaa hivi kabla hujaenda sokoni

Nyanya kilo 10. Zitakupa kama chupa 13 za nusu lita, au sita hadi saba za lita moja. Sufuria ya kawaida ya nyumbani haichukui chupa 13 kwa mkupuo, kwa hiyo panga kuchemsha awamu mbili. Kama ni mara yako ya kwanza, anza na kilo 5.

Chupa za kioo zenye mdomo mpana, nusu lita au lita moja. Chupa za jamu, mayonezi na asali zinafaa kama ni za kioo, ingawa hupasuka kirahisi kuliko zile zilizotengenezwa kwa kazi hii. Ikiwa yako ni ndogo kuliko nusu lita, ihesabu kama nusu lita. Usitumie chupa inayozidi lita moja, kwa sababu joto huchelewa mno kufika katikati yake.

Vifuniko vipya vya bati, vyenye utepe laini wa mpira kwa ndani. Wauzaji wa vifungashio wanavyo. Nenda na chupa yako mkononi ujaribu palepale dukani, maana vipimo vinadanganya macho. Mfuniko uliotumika mara moja utepe wake umeshachorwa alama na chupa ya kwanza. Hapa ndipo watu hubania shilingi na kupoteza nyanya.

Unga wa ndimu. Ni ule mweupe kama chumvi unaotiwa kwenye ubuyu, na wauzaji wengine huuita sitriki asidi. Uliza kwenye maduka ya viungo au ya vifaa vya keki. Ukiukosa, siki ya asilimia 5 itafaa, ila soma lebo, kwani siki nyingine ni dhaifu.

Sufuria yenye kina cha sentimita 25 au zaidi, na mfuniko wake. Kina hicho ni cha lazima hata kwa chupa ya nusu lita: chini kuna kitako cha kuzuia chupa zisiguse bati, juu maji yazipite kwa sentimita 3 hadi 5, kisha ibaki nafasi ya mchemko. Kwa chupa za lita moja sufuria iwe ndefu zaidi. Ukiwa na zile za shughuli, umemaliza.

Kitako cha chini. Wavu wa chuma unaoingia ndani ya sufuria, au taulo nene iliyokunjwa. Mimi natumia wavu wa kuchomea nyama niliomwambia fundi aukate mduara.

Vitu vidogo: koleo lenye mshiko mzuri, upawa, faneli pana au jagi, kijiko cha chai cha kupimia (mililita 5), kijiti cha mbao au cha plastiki, vitambaa safi, saa, na birika la maji ya moto pembeni.

Moto wa saa tatu usiokatika. Pima mtungi wako wa gesi kabla. Mwaka wangu wa kwanza gesi iliniishia dakika ya 30. Nikakimbilia dukani kwa Mangi, nikarudi na mtungi, nikawasha, nikaendelea kuhesabu kuanzia 31. Wiki tatu baadaye vifuniko vinne kati ya saba vilikuwa vimevimba. Ukitumia mkaa, jaza jiko vizuri na uwe na mkaa mwingine umeshika moto pembeni.

## Kwanza elewa maji ya huku

Maji ya Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100. Moshi mjini, kwenye mita mia nane au tisa hivi juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 97 kasoro au zaidi kidogo. Arusha mjini, takriban mita 1,400, ni nyuzi 95 na ushee. Ukiongeza mkaa, maji yatakauka haraka, lakini joto lake halitapanda hata nyuzi moja.

Yeyote aliyepika maharage Ngaramtoni baada ya kuyapika Tanga analijua hili, ila hakuwahi kulihusisha na chupa za nyanya.

Nyuzi hizo tano zinalipwa kwa muda. Huu ndio muda wa kuchemsha chupa zilizokwisha jazwa nyanya ya moto iliyopondwa:

- Moshi mjini na maeneo ya chini ya mita 900: nusu lita dakika 40, lita moja dakika 50.
- Arusha mjini, Ngaramtoni, na migombani Kibosho, Machame au Marangu hadi mita 1,800: nusu lita dakika 45, lita moja dakika 55.
- Juu ya hapo, kule jirani na msitu: nusu lita dakika 50, lita moja dakika 60.

Moshi ni mji wa mteremko, na mtu wa mitaa ya juu anaweza kuwa amevuka mita 900 bila kujua. Kama huna hakika, tumia 45 na 55. Dakika tano za ziada zitakugharimu gesi kidogo tu.

## Hatua ya 1: Chagua nyanya, usiokote

Nunua nyanya ngumu kiasi, zilizoiva nyekundu, zisizo na majeraha. Zile ndefu zenye nyama nyingi, kama Tanya, Rio Grande au Cal J, hutoa rojo zito. Nyanya za mviringo zenye maji mengi zinafaa pia, ila utapata chupa chache kwa kilo zilezile.

Masalo hapana. Najua ndoo yake ni ya bei ya kutupa, lakini nyanya iliyoiva kupita kiasi au iliyoanza kuoza asidi yake inakuwa imeshuka, na asidi ndiyo ngao yetu. Yenye matundu ya kantangaze nayo iache: funza anaacha njia ndani, na uozo unamfuata nyuma. Yenye mabaka ya ukungu usikate kipande kibovu ukabakiza kizima. Iende kwenye mboji yote.

Pale Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, fika mapema na uombe kumimina tenga kwenye turubai. Muuzaji akikataa, unajua kilichoko katikati.

*Umefanikiwa ikiwa:* umekata nyanya tano bila mpangilio na zote ni nyekundu ndani, hazina weusi kwenye kikonyo.

## Hatua ya 2: Kagua na pasha chupa

Pitisha kidole polepole kwenye mdomo wa kila chupa. Ukihisi kichongo au pengo, hata dogo kama punje ya mchele, chupa hiyo ibaki ya kutunzia karafuu. Kisha iinue kwenye mwanga utafute ufa.

Osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kisha zipange ndani ya sufuria kubwa juu ya kitako, zijaze maji, na uwashe moto mdogo. Hazihitaji kuchemka sasa, zinahitaji kuwa za moto. Kioo hupasuka kikipatwa na joto la ghafla, na sufuria nyingi zenye vipande vya kioo ninazotumiwa picha zilianza na chupa ya baridi kumiminiwa nyanya inayotokota.

Vifuniko vioshe tu na uviweke kwenye bakuli la maji ya moto. Usivitokose, utepe utaharibika.

## Hatua ya 3: Menya

Chemsha maji kwenye sufuria ya pili. Tumbukiza nyanya kidogo kidogo kwa sekunde 30 hadi 60, mpaka ganda lipasuke, kisha zihamishie kwenye beseni la maji baridi. Ganda litavuka lenyewe kama la yai lililochemshwa vizuri.

Kumenya si urembo. Ganda hubeba vijidudu vingi vya shambani kuliko nyama, na likibaki hujikunja kama karatasi ngumu ndani ya mchuzi. Ondoa kikonyo na kiini cheupe kigumu, ukate vipande vinne.

## Hatua ya 4: Zipashe haraka, usizilundike

Hapa ndipo pana siri ya zile chupa zenye maji chini na nyama juu.

Nyanya ikikatwa, ndani yake kuna kimeng'enya kinachoanza mara moja kuvunja ule ute unaoshikilia rojo. Ukikata kilo kumi, ukaziacha kwenye beseni huku unapiga soga na jirani, ute umekwisha. Joto la haraka hukizima.

Kwa hiyo chukua sehemu moja ya sita tu ya vipande, weka kwenye sufuria pana, washa moto mkubwa na uviponde kwa mwiko huku ukikoroga vitoe maji. Vikianza kuchemka, ongeza vingine kidogo kidogo, ukikoroga, bila kuruhusu mchemko ukatike. Hivi vya baadaye si lazima uviponde. Vyote vikishaingia, acha vichemke taratibu dakika tano.

Onyo: usitie kitunguu, kitunguu saumu, hoho, karoti wala mafuta. Kila kimoja kati ya hivyo kina asidi ndogo kuliko nyanya, na mafuta huongeza kazi ya joto kupenya. Tunasindika nyanya, haturosti. Kitunguu utakikaanga siku ya kupika. Hili huwaudhi wengi, kwa kuwa walitaka rosti iliyo tayari kwa ajili ya Desemba. Rosti iliyo tayari iweke kwenye friza.

*Umefanikiwa ikiwa:* ukichota upawa na kuumimina, rojo na maji vinateremka pamoja.

## Hatua ya 5: Asidi inaingia kwanza

Toa chupa moja ya moto, mwaga maji yake, iweke juu ya ubao au kitambaa. Kabla ya nyanya, tia unga wa ndimu:

- Nusu lita: robo kijiko cha chai.
- Lita moja: nusu kijiko cha chai.

Kijiko kiwe cha kupimia, na unga uwe sawa na ukingo, si mlima. Kama ni siki ya asilimia 5: vijiko viwili vya chakula kwa nusu lita, vinne kwa lita moja. Ladha ya siki utaisikia. Ya unga wa ndimu karibu hutaisikia, na ukipenda unatia sukari kidogo wakati wa kupika.

Sababu yake inahitaji aya nzima, maana hapa ndipo watu huniambia "nyanya si ni chachu tayari?" Kuna kijidudu kinachoitwa *Clostridium botulinum*. Huishi kwenye udongo, na mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka, hata ukichemsha saa kadhaa. Zikiwa mahali pasipo hewa na penye asidi ndogo, huota na kutoa sumu inayolegeza misuli ya mwili hadi ile ya kupumulia. Chakula chenye sumu hiyo kinaweza kisinuke wala kubadilika rangi. Mstari wa usalama ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi; namba ikishuka, uchachu umepanda): chini yake kijidudu hakioti. Nyanya hukaa palepale mstarini. Nyingine ziko chini kidogo, nyingine zimevuka, kutegemea mbegu, shamba na kuiva kwake, na ulimi hauwezi kupima tofauti hiyo. Robo kijiko cha unga inakuondolea kubahatisha.

Na ndimu mbichi za mtini? Uchachu wake hubadilika kutoka tunda hadi tunda. Kamulia kwenye supu.

Chumvi ni hiari, ni ya ladha tu. Nusu kijiko cha chai kwa nusu lita inatosha.

## Hatua ya 6: Jaza, toa hewa, futa, funga

Mimina nyanya ya moto mpaka ibaki sentimita moja na robo hivi kufika juu. Ukijaza pomoni, nyanya itafurika wakati wa kuchemka na mbegu zitakwama chini ya mfuniko. Ukijaza pungufu sana, hewa haitatoka yote.

Zungusha kijiti pembeni mwa kioo kutoa mapovu. Usitumie kisu, kinachora kioo na ufa utaanzia hapo. Nyanya ikishuka, ongeza kidogo.

Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya moto. Futa tena. Mbegu moja ya nyanya inatosha kuzuia mfuniko usishike.

Funga kwa ncha za vidole hadi mfuniko ukatae, kisha acha. Usiukaze kwa nguvu za kiganja, kwani hewa inatakiwa kupenya nje wakati wa kuchemka. Ikikosa njia, mfuniko hujikunja.

Jaza chupa moja, irudishe kwenye maji ya moto, ndipo uende kwenye inayofuata. Usizipange mezani zikapoa.

## Hatua ya 7: Kuchemsha chupa

Hii ndiyo hatua inayorukwa.

Chupa zote zikiwa zimesimama kwenye kitako bila kubanana, ongeza maji ya moto kutoka kwenye birika mpaka yazipite kwa sentimita 3 hadi 5. Yamimine pembeni, si juu ya chupa. Funika, ongeza moto.

Anza kuhesabu pale tu maji yanapochemka kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda uso mzima. Mapovu madogo ya pembeni hayahesabiki. Andika saa kwenye karatasi. Usiitegemee akili yako, watoto watakuita.

Sasa tumia dakika za mahali unapoishi, kama nilivyozitaja juu.

Onyo la kwanza: mchemko ukikatika, hata kwa dakika mbili, unaanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Kwa nini? Rejea mtungi wangu wa gesi.

Onyo la pili: maji yakipungua, ongeza yanayochemka, kamwe si ya bombani.

Onyo la tatu: usibadilishe hatua hii kwa kuziweka chupa kwenye jiko la oveni, wala kwa kuzigeuza kichwa chini. Shangazi yangu wa Kibosho aligeuza chupa zake miaka mingi na hakuugua, na kila nikimwambia hunijibu, "Mwanangu, mimi bado nipo." Namshukuru Mungu yupo. Nyanya zake sili.

Muda ukitimia, zima moto, funua, subiri dakika tano. Subira hiyo hupunguza nyanya kufurika kwa mshtuko wa baridi.

## Hatua ya 8: Zitoe na uziache

Inua kila chupa ikiwa wima. Usiinamishe kumwaga maji yaliyotuama juu ya mfuniko, yatakauka yenyewe. Ziweke juu ya taulo au ubao, mbali na dirisha. Sakafu ya saruji au ya vigae asubuhi ya Julai Arusha inaweza kupasua chupa ya moto mara moja.

Acha nafasi kati ya chupa na chupa. Usikaze vifuniko, usivibonyeze. Utasikia "tik" hapa, "tik" kule, kadiri vinavyonyonya. Ziache saa 12 hadi 24.

## Hatua ya 9: Ukaguzi wa kesho yake

Mfuniko uwe umebonyea katikati. Ubonyeze kwa kidole: usicheze, usilie. Inua chupa usawa wa macho uone kama kuna mapovu yanayopanda. Nyanya zilizochemshwa vizuri hutulia.

Chupa ambayo haikushika haijaharibika. Ipeleke kwenye friji, uitumie ndani ya siku chache. Au, kama hazijapita saa 24, futa mdomo, weka mfuniko mpya, pasha nyanya upya na urudie dakika zote tangu mwanzo.

Osha chupa kwa nje, kausha, andika tarehe na namba ya awamu. Namba ya awamu ina kazi: chupa moja ikivimba, unajua dada zake ni zipi.

## Zikiharibika, tafuta sababu hapa

Vifuniko vyote havikushika: mara nyingi ni vya zamani, au vipimo havikulingana na chupa. Kimoja tu: mbegu au pengo mdomoni.

Kitako cha chupa kilidondoka kizima kama sahani: chupa iligusa chini ya sufuria, au ilikuwa ya baridi ikaingia kwenye moto.

Nyanya imepungua na maji yamebaki sufuriani yakiwa mekundu: ulijaza sana au hukutoa mapovu. Kama mfuniko umeshika, bado inalika, ila itumie mapema.

Imejitenga, maji chini: rudi hatua ya 4. Ina sura mbaya lakini ni salama, itikise tu.

Mfuniko umevimba, chupa inavuja, au imefoka ulipofungua: usionje hata kwa ncha ya ulimi. Ambayo haijafunguka itie kwenye mfuko mnene, ufunge, ukaifukie mbali. Inayovuja ichemshe ndani ya maji yanayoifunika kwa nusu saa kabla ya kuitupa, kisha osha mikono na meza kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu. Kuku na mbwa wasipate; kuku nao hufa kwa sumu hiyohiyo.

## Nini kingine kinaingia kwenye chupa

Jamu ya nanasi, stroberi au pasheni inaingia vizuri, kwa kuwa matunda hayo ni machachu na sukari inasaidia. Tumia chupa za robo lita zilizochemshwa tupu dakika 15, jaza jamu ya moto, kisha chemsha dakika 10 kwa mtu wa Arusha au Moshi.

Visivyoingia kwa njia hii ni vingi, na hapa siwezi kulegeza: maharage yaliyopikwa, njegere, karoti, mahindi mabichi, mchicha, nyama, supu, mtori, ndizi mbivu, parachichi. Vyote vina asidi ndogo. Vinahitaji joto la nyuzi 116 na kuendelea, ambalo hupatikana kwenye mtambo maalumu wa mvuke wenye kipimo cha presha. Presha kuka ya maharage si mtambo huo. Hupanda na kupoa haraka, na muda uliopimwa kwa mtambo haumo ndani yake. Wanaoniuliza kuhusu mtori wa chupa wa kuwapelekea watoto chuoni, nawaelewa kabisa. Pelekeni kwenye friza, au wafundisheni kuupika.

## Kupanga stoo

Chupa zikae penye giza, pakavu na baridi. Chini ya kitanda chumba cha wageni ni bora kuliko rafu ya juu ya jiko, ambako joto na mvuke hula bati la mfuniko. Usipange chupa juu ya chupa. Ya juu inaweza kubonyeza mfuniko wa chini ukauona umeshika kumbe umeachia. Za zamani mbele, mpya nyuma, na lengo liwe kuzimaliza ndani ya mwaka.

Hesabu unavyokula kabla ya kusindika. Kwetu ni chupa mbili za nusu lita kwa wiki, kwa hiyo za kuvuka masika, Machi hadi Mei, ni kama 26, na naongeza sita kwa ajili ya Desemba ndugu wote wanapopanda Moshi.

Upande wa nafaka, adui ni unyevu. Mahindi yapime hivi: chupa kavu, mahindi mpaka theluthi, kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili, acha yatulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi ya kuhifadhi, yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Sumukuvu huanzia kwenye unyevu huo. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kuivisha ugali hakuiondoi.

Yakikauka, yatie kwenye mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu inayozuia hewa: jaza ule wa ndani, sukuma hewa itoke, usokote na kufunga kila tabaka peke yake. Dumuzi waliokuwemo watakufa kwa kukosa hewa. Maharage vivyo hivyo. Usifungue kila wiki kuchota debe, maana kila ukifungua unawaletea pumzi.

## Siku ya kufungua

Tazama kwanza: mfuniko bado umebonyea, hakuna kilichovuja, hakuna ukungu. Chomoa ukingo kwa mgongo wa kijiko. Unatakiwa kusikia hewa ikivutwa kuingia ndani. Ikitoka kwa kufoka, umeshajua la kufanya.

Mimina kwenye sufuria, iache ichemke dakika 15 ukiwa Arusha. Kwa nyanya iliyofuata hatua zote hizi ni ziada tu, lakini mchuzi wenyewe unahitaji muda huo. Kaanga kitunguu chako pembeni. Kilichobaki kihamishie kwenye bakuli, kiende kwenye friji, na uoshe chupa siku hiyohiyo kabla rangi haijashika. Mfuniko wake utakufaa kwa vitu vikavu: iliki, mbegu za mchicha, vifungo vya mashati.